Si kila beringi iliyokufa ilikuwa feki

Jamani, nilipotea kidogo. Gazetini mambo yalikuwa mengi. Leo naandika kitu ambacho mhariri wangu hawezi kukipa nafasi hata ukurasa wa ndani kabisa: sili. Ndiyo, sili. Ule mpira wa duara unaokaa pale shafti inapotokea kwenye injini, pampu au mota, kazi yake kuzuia mafuta yasitoke na uchafu usiingie.

Kisa chenyewe ni hiki. Mama yangu mdogo ana mashine ya kusaga huko Mbagala. Ndani ya mwaka mmoja beringi ya mota yake ilikufa mara tatu. Inaanza kupiga kelele, inapata moto, halafu siku moja inakwama na foleni ya ndoo za mahindi inahamia kwa jirani. Ada za wadogo zangu wawili zinatoka kwenye mashine hiyo, kwa hiyo msidhani naandika habari ya vyuma tu. Mara ya tatu alinunua ile ya bei mbaya, aliyoambiwa ni orijino. Nayo ikafa. Akanipigia simu: "Mwanangu, wewe si mwandishi? Waandike hawa wezi."

Mimi tena! Kichwa cha habari nilikuwa nacho tayari kabla sijafika Kariakoo. Nikabeba beringi tatu mbovu kwenye mfuko, nikaenda kwa mzee mmoja fundi mota. Nilitaka aniambie neno moja tu, "feki", niandike nikalale.

Hakulisema. Aliichukua ile ya bei mbaya, akang'oa kifuniko cha bati pembeni, akachota grisi kwa kidole na kunionyesha. Ilikuwa imegeuka ugali. Unga wa mahindi umeingia mpaka kwenye gololi. "Hii beringi nzima ilikuwa," akasema, "umeiua wewe." Halafu akaniuliza niliwahi kusoma herufi.

Sikuwahi. Kwenye beringi zote tatu kulikuwa na 6309 ZZ. Namba inakupa saizi: mbili za mwisho ukizidisha kwa tano unapata tundu la shafti, yaani 09 ni milimita 45. Herufi ndizo zinazosema mlango umefungwa vipi. ZZ ni vifuniko vya bati pande zote mbili, ambavyo havigusi ringi ya ndani. Kuna upenyo mwembamba, na unga laini haujui kubisha hodi. 2RS ni mpira pande zote mbili, na mdomo wake unagusa. Iliyotoka na mota hiyo, tulikuja kuikuta kwenye kopo la misumari kule mashineni, ilikuwa 2RS. Tangu hapo kila anayetumwa dukani anasema "nipe 6309", muuzaji anatoa iliyo karibu na mkono, pesa inalipwa, kwaheri.

Sasa usinielewe kwamba ZZ ni mbaya. Kwenye sehemu safi ningeichagua hiyo: mpira unaogusa unaleta msuguano, msuguano unaleta joto, na ndiyo maana beringi ya 2RS inaruhusiwa mizunguko michache kuliko ndugu yake wa bati. Mota ya mama mdogo inakwenda kama mizunguko 2,900 kwa dakika, na 2RS ya saizi ile inaimudu. Mota yenyewe ni kuukuu, mpira wa nje uliotakiwa kuzunguka na shafti na kulikinga vumbi kabla halijafika kwenye beringi ulishapotea siku nyingi. Unga ulikuta njia nyeupe.

Hapa ndipo ninapogombana na wenzangu, na mimi mwenyewe nikiwemo. Feki zipo, sibishi. Lakini neno hilo limekuwa blanketi, tunajifunika nalo hata pale tulipochagua vibaya wenyewe. Tunanunua kwa saizi basi, kama mtu anayenunua kiatu namba 42 bila kusema anakwenda kucheza mpira au harusini.

Mzee yule alinipa darasa la bure hadi adhuhuri. Sili za mafuta nazo zina maandishi, mathalani 35 52 7: shafti, tundu inamokaa, na unene, vyote kwa milimita. Hayakwambii mpira ni wa aina gani. Ule mweusi wa kawaida, naitraili, unavumilia joto hadi kwenye nyuzi 100 hivi. Viton inafika karibu 200, na mara nyingi huuzwa ikiwa ya kahawia, ingawa rangi si ushahidi. Joto lenyewe linazalishwa pale pale mdomo unapogusa. Nilipiga hesabu: shafti ya milimita 45 kwa mizunguko 2,900 inausugua mpira kwa karibu mita 7 kila sekunde. Hiyo ni kilomita 25 kwa saa, kutwa nzima, mahali pamoja. Ukiongeza presha, sili ya kawaida inasalimu amri mapema sana, haikutengenezwa kwa ajili hiyo.

Halafu kuna upande wa kukaa. Mdomo wenye springi unatazama kile unachotaka kisipite. Kwenye injini ni mafuta, hivyo unatazama ndani. Kwenye habu ya gurudumu iliyojaa grisi na inayopita matopeni, adui mkubwa yuko nje, na wapo mafundi wanaougeuza utazame nje kwa makusudi. Ukikuta hivyo usimcheke fundi kabla hujamuuliza.

La mwisho lilinigusa kwa sababu nimewahi kuliandika vibaya. Sili inavuja, unaweka mpya, inavuja vilevile, unapiga kelele za feki. Pitisha ukucha kwenye shafti. Ukikwama kwenye mfereji, mpira wa zamani umeshachimba chuma, na hakuna sili mpya itakayoziba shimo hilo ikikaa pale pale. Inabidi isogezwe kidogo au shafti ivishwe bomba jembamba.

Ninachowadai wauza spea ni swali moja tu la nyongeza: "Inakwenda kufanya kazi wapi?" Na ukiwa mteja, usipoulizwa, sema. Sema kuna unga, kuna maji, kuna joto. Nenda na kile cha zamani, usikifute.

Mama mdogo amefungiwa 2RS na mpira mpya wa nje, na ameandika herufi zake ukutani kwa makapeni, juu ya swichi. Mhariri wangu bado ananiuliza ile stori ya feki iko wapi.