Kabla ya Kukata Matawi, Tupeni Miezi Miwili

Nikiwa mwaka wa kwanza niliua miti minne, na mmoja kati ya hiyo niliuuza kabla haujafa.

Nalisema hili hadharani kwa sababu najua si mimi peke yangu. Bumu lilikuwa limekata na mwezi bado mrefu. Mwenzangu wa chumbani akaja na wazo: mjini watu wananunua bonsai, ile miti mifupi ya kwenye chungu inayoonekana kama imeishi miaka hamsini. Na kilimani nyuma ya mabweni si kuna mikuyu midogo imejishika kwenye miamba, imejikunja yenyewe? Jumamosi alfajiri tukapanda na jembe na panga. Mizizi iliyokuwa imejipenyeza kwenye nyufa za mawe tuliikata tu, maana haikukubali kutoka. Baada ya wiki tatu, miti mitatu ilikuwa kuni. Wa nne, uliokuwa bado na majani, tulimuuzia mama mmoja kwa shilingi elfu thelathini.

Baada ya mwezi akanipigia simu. Hakugomba. Aliuliza tu, "Mwanangu, kwani nimekosea kuumwagilia?" Nikamjibu kwamba labda maji yalizidi. Jibu hilo linanisuta hadi leo. Mti wake ulikufa siku tulipoukata mizizi, majani ndiyo yalichelewa kupata taarifa.

Hoja yangu ni hii: tuache kung'oa miti porini kwa ajili ya bonsai, kwa sababu njia bora ipo na sisi tunaosoma kilimo tumeshafundishwa. Tatizo ni kwamba tumefundishwa kwenye desa. Namna ya kuotesha mizizi kwenye tawi likiwa bado juu ya mti nimeijibu kwenye UE kwa hatua zote, nikapata alama nzuri. Kisu sikuwahi kushika. Aliyenishikisha kisu ni mzee anayeuza miche kando ya barabara. Yeye hajawahi kuona desa letu.

Kazi yenyewe ni hivi. Unachagua tawi lenye afya, unene wa kidole gumba hivi. Unakata gome kuzunguka tawi, unashuka kidogo, unakata tena, kisha unaliondoa gome la katikati kama pete. Upana wa pete uwe mara moja na nusu hadi mara mbili ya unene wa tawi. Halafu unakwangua ule utando laini unaoteleza, mpaka ubaki mti mkavu. Hapo ndipo wengi wanapoharibu. Ukiuacha ule utando, gome linaota tena, linaunganisha juu na chini, na mizizi huioni. Ukimaliza, unafunga makumbi ya nazi yaliyoloweshwa na kukamuliwa, unazungushia nailoni, unakaza kamba juu na chini, na unakinga jua.

Kwa nini tawi halifi? Kwa sababu maji hupanda kupitia mti wa ndani, ambao hukuugusa. Chakula kinachotengenezwa na majani ndicho hushuka kupitia gome. Kikifika kwenye pete kinakwama, pamoja na homoni zinazochochea mizizi. Tawi linajikuta lina maji, lina chakula na lina unyevunyevu, basi linatoa mizizi pale pale juu ya jeraha. Kwa fikasi, wakati wa joto na mvua, mara nyingi wiki sita hadi nane zinatosha. Ukiona mizizi imejaa ndani ya nailoni, unakata chini yake, unapanda bila kuyakung'uta makumbi, unaweka kivulini. Mti mama unaendelea na maisha yake.

Kwa anayetaka bonsai, hii inashinda mbegu na inashinda jembe. Mbegu itakuchukua miaka kupata shina nene. Jembe linakupa shina nene lisilo na mizizi. Tawi lililofungwa linakupa shina lililokwisha kunenepa, umbo ulilolichagua mwenyewe likiwa juu mtini, na mizizi inayotoka kuzunguka shina kwa usawa mmoja, jambo ambalo wapenzi wa bonsai wanalithamini sana.

Najua yatakayosemwa. La kwanza: "Bonsai ni mambo ya Wajapani." Wajapani wenyewe waliupokea ufundi huu kutoka China, wakautia mkono wao na miti ya kwao. Sisi tuna mkuyu na mkwaju. Nani katukataza?

La pili: "Watu wana njaa, wewe unaongelea maua." Mimi pia nilikuwa na njaa, ndiyo maana nilibeba jembe. Biashara ya kuuza mti unaokufa ndani ya mwezi haina mteja wa mara ya pili. Kule Washington kuna msonobari wa bonsai ulioanza kutunzwa mwaka 1625. Ulinusurika bomu la Hiroshima mwaka 1945, na Japani ikautoa zawadi kwa Marekani mwaka 1976. Huo ni mti uliopita mikononi mwa vizazi. Wa kwangu haukumaliza hata siku arobaini. Na ieleweke, ukichimba ndani ya hifadhi ya msitu bila kibali unavunja Sheria ya Misitu ya mwaka 2002. Sapu inaweza kusubiri, kesi haisubiri.

La tatu ni la kweli zaidi: "Muda hatuna." Nakubali kwamba bonsai kamili ni kazi ya miaka, na si kila mti unakubali haraka. Lakini kupata mche wenye mizizi yake kutoka kwenye fikasi au boganvilia kunaingia ndani ya semesta moja, na kazi ya mikono yenyewe haifiki nusu saa kwa tawi.

Sasa nageukia uongozi wa chuo. Kila mwaka, masika yakielekea kuisha, fikasi za kando ya kafteria na njia ya maktaba hupunguzwa matawi kwa sababu yanagusa nyaya za umeme. Yanaburutwa nyuma ya karakana, yanachomwa. Mwaka jana nilisimama nikahesabu matawi zaidi ya sitini ya unene unaofaa, kisha nikaondoka maana moshi ulizidi.

Ombi letu halihitaji bajeti. Mwezi wa tatu, mvua zikianza, wahusika waweke alama kwenye matawi yatakayokatwa. Idara itupe kipindi kimoja cha vitendo, kila mwanafunzi afunge tawi lake na kuandika jina. Mwezi wa tano, wakati wa kukata, tukate sisi, chini ya usimamizi. Yatakayokuwa na mizizi yaende kwenye vyungu, yasiyo na mizizi yaende motoni kama kawaida. Alama za kazi hiyo zihesabiwe kwa mizizi, si kwa maelezo. Serikali ya wanafunzi, ambayo kila kampeni inatuahidi ajira binafsi, ilibebe hili kikaoni.

Yule mama nilimrudia mwaka uliofuata na fikasi niliyoifunga mwenyewe kwa mzee wa miche. Nilimweleza ukweli kuhusu ule mti wa kwanza. Alinyamaza kidogo, kisha akaupokea, akauliza uwekwe upande gani wa baraza. Hela sikuchukua. Mti mpaka leo uko hai, na yeye ndiye anayenipigia kuniambia umetoa jani jipya.