Tusiitupe Kabla ya Kuifungua



Muhula uliopita, sisi mafrateri wa falsafa tulipewa kazi ya kusafisha stoo ya maktaba. Kati ya vitu vya kutupwa kulikuwa na kompyuta ya mwaka 2001 iliyotumiwa na padre mmoja, sasa marehemu, kuandika homilia zake. Homilia zimo kwenye disketi, na hakuna kompyuta nyingine nyumbani kwetu inayosoma disketi. Ilikuwa haiwaki. Wengi wetu tulisema, "Imekufa, itupwe." Tunaandika kukiri kwamba tulikosea.

Mwenzetu aliyejifunza ufundi redio kabla ya kuja seminari aliomba kwanza aifungue. Chini ya vumbi, kasoro ilionekana kwa macho: kapasita tatu kwenye bodi kuu zilikuwa zimevimba na ya nne imevuja. Kapasita ya aina hii ni kikopo cha alumini chenye kimiminika ndani. Huhifadhi umeme kidogo na kuutuliza, ili chipu zipate umeme usioyumba. Miaka ikipita, kimiminika hukauka, au huvuja na kula njia za shaba za bodi, hata kompyuta ikiwa imekaa tu. Tena mwanzoni mwa miaka ya 2000 zilitengenezwa kapasita nyingi mbovu, zikaharibu kompyuta katika nchi nyingi. Kampuni moja kubwa ya Marekani ilitenga dola milioni 300 mwaka 2005 kwa ajili ya hasara hiyo.

Kumbe "maiti" yetu ilikuwa na viungo vinne tu vibovu.

Hata hivyo, haraka ilituponza. Kapasita mpya ya kwanza tuliifunga kinyume, upande wa hasi ukawa chanya. Tulipowasha, ilipasuka kwa kishindo. Ndipo tukajifunza kusoma mstari unaoonyesha upande wa hasi, kuchagua kapasita yenye uwezo uleule na volti zisizopungua za ile ya awali, na kusafisha bodi kwa spiriti kabla ya kulehemu. Mara ya pili iliwaka. Disketi kadhaa hazikusomeka, lakini homilia za Kwaresima za miaka mitatu zimeokolewa.

Darasani tukabishana: je, ni kompyuta ileile? Plutarko anasimulia kwamba Waathene waliitunza meli ya Theseo kwa kubadilisha kila ubao uliooza, na wanafalsafa wakagawanyika kama bado ni meli ileile. Kwa maoni yetu, kinachodumu ni mpangilio na kazi ambayo kila sehemu inaitumikia. Kapasita mpya haikuja kuanzisha jambo lake. Ilishika nafasi iliyoachwa wazi.

Wapo wanaosema kutengeneza ni kupoteza muda, kwani kompyuta mpya ina kasi zaidi. Ni kweli, si kila bodi inaokoleka. Ile ambayo njia zake za shaba zimeliwa kabisa, heri itolewe vipuri vya kuponya nyingine. Lakini hukumu hiyo itolewe baada ya kufungua na kupima, si kabla. Papa Fransisko, katika *Laudato si'* ya mwaka 2015, alituonya juu ya utamaduni wa kutupa, akiuhusisha na jinsi tunavyowatenga watu. Anayezoea kusema "imekufa" bila kuangalia ndani, kesho atamwambia hivyo mwanafunzi aliyefeli, au mlevi wa jirani.

Tunapendekeza kila parokia, kabla ya kutupa kifaa, imwite fundi au kijana mwenye nia ya kujifunza. Nasi tulio njiani kuelekea upadre tujizoeze kuuliza kwanza: ni nini hasa kilichoharibika, na ni kiasi gani bado ni kizima?