Siku ya posho asubuhi, binti zetu wako wapi?



Juma hili tumepokea tena barua ya komine, ile yenye muhuri wa bluu, inayoalika "vijana wote" kwenye kikao cha mazingira. Siku ya posho, saa 2 za asubuhi. Tuliibandika kwenye mlango wa darasa, na wanafunzi wetu wa sekondari wakasongamana kuisoma. Wavulana walianza mara moja kupanga nani atapita kwa nani. Wasichana walisoma, wakarudi kukaa. Tulipowauliza sababu, mmoja alijibu bila hata kuinua kichwa: "Mwalimu, posho asubuhi si ndiyo maji na nguo?"

Jibu hilo lilitufuata mpaka nyumbani. Tulikuwa tumeandaa kuzungumza nanyi juu ya mitihani, lakini mitihani itangoja.

Wengine mtasema mabadiliko ya hali ya hewa ni maneno ya Kinshasa na ya wakubwa kwenye mikutano yao. Lakini sisi wa Lubumbashi tumekwisha kuyaonja kwenye sufuria ya bukari. Kumbukeni mwaka 2024. Mvua ilikatika kule Zambia mahindi yakiwa bado shambani, na tarehe 29 Februari Rais Hakainde Hichilema alitangaza kwamba ukame ule ni janga la taifa. Sisi hatukuhitaji redio kutueleza. Mahindi yetu mengi yanapitia Kasumbalesa, na ng'ambo ikikauka, sahani ya mtoto wa Katuba au wa Ruashi inapungua. Kuna mama kati yetu aliyeanza kupika mara moja kwa siku, na hakutaka majirani wajue.

Tena kuna makala. Umeme ukikatika, na mnajua unavyokatika, mji mzima unarudi kwenye mbabula. Makala hayo yanatoka kwenye pori la miombo, na kila mwaka wale wanaoyaleta kwa baiskeli wanatoka mbali zaidi, na mfuko unapanda bei kwa kadiri ya safari. Kwenye tanuru ya udongo, kilo 100 za kuni zinatoa kilo 10 mpaka 20 tu za makala. Sehemu kubwa inakwenda na moshi. Na bado pori la miombo lina huruma: mti ukikatwa, kisiki chake kinachipua tena, mradi moto usipite juu yake. Moto wa Septemba, majani yakiwa yamekauka kabisa, ndio unaoua machipukizi. Ule wa mapema, wa Mei, hauchomi sana. Wanafunzi wetu walishangaa kusikia hivyo. Walidhani mti ukikatwa umekufa, basi.

Kwa hiyo komine ikiita vijana, ina sababu. Sheria ya tarehe 7 Oktoba 2008 juu ya miji, komine, sekta na cheferi imeiachia komine kazi nyingi zinazotugusa mlangoni, kama usafi, mifereji na masoko. Na Desemba 2023 tulipiga kura hapa mjini kuchagua washauri wa komine. Basi sasa kuna watu tuliowaweka sisi wenyewe, ambao tunaweza kuwapigia hodi.

Shida ni namna vijana wanavyoitwa.

Miaka miwili iliyopita watoto wetu waliitwa tarehe 5 Desemba, sikukuu ya taifa ya mti. Walipewa fulana mpya. Walipanda miche 60 kando ya mfereji mkubwa, hotuba zikasemwa, picha zikapigwa, soda zikanywewa. Ilikuwa siku nzuri, hatutaki kusema uongo. Tuliporudi masomoni mwezi wa Septemba tulikwenda kuhesabu. Ilibaki miche 4, na mmoja kati ya hiyo 4 ulikuwa umefungwa mbuzi.

Watoto walicheka, kisha wakanyamaza. Tulipokuwa tukisoma chuo cha ualimu tulifundishwa kwamba mtoto hujifunza kwa kutenda, lakini hakuna aliyetuambia kwamba hujifunza hata kwa kutendewa. Watoto wale walikuwa wamejifunza kwamba kupanda mti ni kuvaa fulana.

Tukafanya hesabu ubaoni. Mche mmoja mchanga, tuseme lita 5 za maji, mara mbili kwa juma. Miche 60 inataka lita 600 kwa juma, ndizo bidoni 30 za lita 20. Kipwa chetu, kuanzia katikati ya Mei mpaka mvua za kwanza mwisho wa Oktoba, ni majuma 24 hivi. Zidisheni: bidoni 720. Mvulana mmoja akauliza, kwa sauti ya mtu aliyegundua mwizi, "Nani alipaswa kuzibeba?" Darasa zima likageuka kuwatazama wasichana.

Tena kuna jambo la kalenda, ambalo mtu wa ofisi haoni kwa urahisi. Likizo kubwa inaanza Julai na masomo yanafunguliwa Septemba. Yaani miche ya watoto wa masomo inaachwa peke yake katika miezi ile ile ambayo haipati hata tone. Mwaka 2019 nchi yetu ilianzisha programu ya bustani za masomo, miti bilioni 1 mpaka 2023. Nia ilikuwa njema. Lakini sisi tunaofundisha tunajua kwamba ni rahisi kuhesabu miti siku ya kupanda kuliko siku ya kufungua masomo.

Hesabu ile ya bidoni 720 watoto waliinakili kwenye karatasi safi na kuipeleka kwa shefu wa kartie. Tulikuwa na hofu kidogo, maana mkubwa akionyeshwa kosa na mtoto, mara nyingi anayeadhibiwa ni mwalimu. Lakini mzee yule aliisoma mara mbili, akasema, "Hakuna mtu aliyeniletea hesabu mpaka leo, wananiletea malalamiko tu." Akaipandisha komine. Komine ikajibu: njooni posho, mseme wenyewe mnataka nini.

Walikwenda vijana 31. Wasichana walikuwa 4.

Hapo ndipo tunapotaka mkae nasi kidogo. Wavulana 27 walizungumza vizuri. Walitaka miti zaidi, walitaka mashindano ya mpira ya mazingira (kila kitu kwao kinaishia kwenye mpira), walitaka mapipa ya takataka. Mshauri wa komine alikuwa anaandika. Karibu na mwisho binti mmoja alinyosha kidole. Mama yake anauza makala kwa kipimo cha sahani, na yeye anamsaidia jioni. Akasema: "Msipande kando ya mfereji. Pale hapana mwenyewe. Pandeni karibu na fontaine, kwa sababu pale tunamwaga maji kila siku tunaposuuza bidoni, na yanapotea bure. Na mbele ya nyumba pandeni avoka na maembe, siyo mti wa maua. Mwenye mlango ataulinda kwa sababu anangoja matunda."

Ukumbi ulinyamaza. Yeye hakuwa amesoma hayo katika kitabu chochote. Aliyajua kwa sababu kila asubuhi anasimama kwenye foleni ya maji na kutazama maji yale yakienda.

Wakajaribu hivyo. Mashimo yalichimbwa mapema, mwezi wa Oktoba, na miche ikapandwa mvua ilipokwisha kukaa, si kwenye mvua ya kwanza inayodanganya. Mara hii ilikuwa miche 40 tu. Kila mmoja uliandikwa jina la nyumba, na nyumba ikapewa miiba ya kuzungushia kwa ajili ya mbuzi. Karibu na fontaine vijana walichimba kajifereji kanakopeleka maji ya kusuuza mpaka kwenye mizizi. Kipwa kilipokwisha tulihesabu: 29 ilikuwa hai. Kumi na moja imekufa, mitatu kwa ajili ya gari moja lililorudi nyuma vibaya. Hakuna fulana iliyotolewa, na gharama kubwa ilikuwa kukodi majembe.

Sasa fikirini. Kama binti yule angekuwa kwenye kufua asubuhi ile, komine ingepanda miti mingine 60 kando ya mfereji, na mwaka huu tungehesabu tena 4 na mbuzi. Na alikuja kwa bahati tu: shangazi yake alikuwa amefika kutoka Likasi, akashika kazi za nyumba.

Tuliandika barua kwa komine kuomba kikao kihamishwe kiwe saa 9 ya alasiri. Tulijibiwa kwa adabu kwamba posho alasiri ukumbi unakodishwa kwa arusi, na pesa za arusi ndizo zinazolipia ukarabati wa paa. Hatuwezi kukasirika, kwa maana wengi wetu tumecheza arusi ndani ya ukumbi huo huo. Tulipendekeza siku ya Jumatano baada ya masomo, bado tunangoja jibu. Mkikutana na mshauri mliyempigia kura, mkumbusheni hilo.

Lakini tusiitupie komine mzigo wote. Saa 2 ya posho inakuwa ya maji na nguo kwa binti, na ya uhuru kwa kaka yake, kwa sababu sisi ndio tuliogawanya hivyo. Tumefanya hivyo sisi walimu pia. Mwandishi wa safu hii ana mtoto wa kiume wa miaka 13 ambaye mpaka mwezi uliopita hakujua bei ya bidoni moja ya maji. Tulipomtuma mara ya kwanza, majirani walituuliza kama dada yake anaumwa. Mara ya pili waliuliza tena. Mara ya tatu walizoea, na mama wa nyumba ya pili akamtuma na wake. Sasa wanakwenda wawili, wanabishana mpira njia nzima na kumwaga robo ya maji, lakini maji yanafika.

Mama mmoja wa kikundi chetu alituambia waziwazi anachoogopa. Si kazi ya nyumba. Anaogopa binti yake kukaa asubuhi nzima na wavulana kwenye ukumbi, halafu arudi na nini? Hofu hiyo tunaiheshimu. Tumekubaliana kwamba kila kikao mama wawili wataketi nyuma, na mabinti watakwenda na kurudi kwa kundi. Mama mwingine alisema wanake wakianza kusema mbele ya burugumesta watamdharau yeye nyumbani. Hapo hatukuwa na jibu zuri. Tulimwambia tu kwamba binti yule wa makala, siku ile aliporudi, alifua nguo zilizokuwa zimebaki.

Kikao kijacho kitazungumzia mambo mawili. La kwanza ni kitalu cha miche cha kartie: nani atashika ufunguo, na maji yatatoka wapi katika Julai na Agosti. Tunaomba mabinti wasikubali jibu la "tutaona". La pili ni mbabula za udongo, zile zenye ukuta mnene ndani, ambazo zinakula makala machache kuliko za bati tupu. Vijana wanataka komine iwape kona ya soko wajifunze kuzitengeneza na kuziuza. Kwa jambo hili la pili hasa, kikao bila wapikaji ni kichekesho. Mvulana anaweza kufinyanga mbabula nzuri sana ambayo sufuria ya bukari haisimami juu yake unapokoroga kwa mikono miwili. Tumekwisha kuiona moja ya namna hiyo.

Basi tunaomba kila kikundi cha wamama kitoe mabinti wawili, wa miaka 14 kwenda juu. Kazi zao za asubuhi hiyo zipewe kaka zao, au zingoje mchana. Mama wa fontaine amekubali kufungua saa 11 na nusu alfajiri siku hiyo, kwa wale ambao nyumbani hakuna mvulana. Sisi tutakuwa kwenye mlango wa masomo kuanzia saa 1 na nusu, tutakwenda wote kwa miguu. Mama wawili wa kuketi nyuma bado hawajapatikana. Anayeweza atuambie kabla ya Ijumaa.

Mabinti waje na daftari na kalamu. Fulana hazitatolewa.