Waokoaji walitimiza wajibu, haki ingali yasubiriwa

Mnamo Januari 2008, vituo vya mpakani vya Busia na Malaba, vilivyozoea malori na wachuuzi, vilifurika akina mama waliobeba watoto na mafurushi. Ghasia zilizozuka baada ya matokeo ya uchaguzi wa urais kutangazwa Desemba 30, 2007 ziliifikisha Kenya ukingoni mwa vita vya wenyewe kwa wenyewe. Wakenya wapatao 12,000 walikimbilia Uganda.

Waliowapokea hawakuwa wanasiasa. Watu wa kujitolea wa Msalaba Mwekundu wa Uganda walishirikiana na Umoja wa Mataifa kuwahifadhi Mulanda, wilayani Tororo. Nchini Kenya, wenzao walibeba majeruhi na kuwatafuta jamaa za watoto waliopotea, pasipo kuuliza kabila la mtu.

Hata hivyo, kuokoa maisha si kutenda haki. Tume ya Jaji Philip Waki ilihesabu vifo 1,133 na kupendekeza iundwe mahakama maalumu nchini. Februari 2009 Bunge likaukataa mswada huo. Kesi zikahamia The Hague, na kufikia Aprili 2016 zote dhidi ya washukiwa sita wa awali zilikuwa zimeporomoka bila yeyote kati yao kutiwa hatiani.

Mtu wa kujitolea aweza kufunga jeraha. Kufungua mashtaka ni kazi ya dola. Wahenga walinena kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta. Ufa wa 2008 haujazibwa.