Usalama Nyumbani: Mafuta ya Silaha



Wapo miongoni mwetu, hapa Washington na vitongojini, walindao majengo kwa bastola. Kabla ya kuisafisha, toeni risasi zote, mziweke chumba kingine.

Chagueni mafuta mepesi ya silaha. Grisi nzito hukakamaa majira ya baridi. WD-40 ilibuniwa mwaka 1953 ili kufukuza unyevu, wala si badala ya mafuta hayo. Matone machache yatosha: yakizidi hunasa vumbi, na yakipenya ndani ya risasi huweza kuizuia kulipuka.

Masizi yabakiayo yana madini ya risasi, sumu kwa watoto. Naweni mikono kwa sabuni kabla ya kumpakata mtoto.

Jimboni Maryland, tangu Oktoba 2023, sheria yakataza kuacha silaha yenye risasi mahali awezapo kuifikia aliye chini ya miaka 18. Ifungieni.