Dizaina wa Parokia na Neno "Sadaka"

Katika Mwaka wa Jubilei 2025 parokia zetu zilipambwa na nembo moja: watu wanne wa rangi nne waliokumbatiana, chini yao mawimbi, na wa mbele ameushika Msalaba ambao ncha yake ya chini imekuwa nanga. Tuliivaa kwenye vitenge na fulana, tukaitundika kwenye malango ya makanisa, na mahali fulani niliiona hata juu ya keki. Nembo hiyo ina mwenyewe. Ilibuniwa na Giacomo Travisani, ikachaguliwa kati ya kazi 294 zilizotumwa kutoka nchi 48, ikatangazwa Juni 2022, na Vatikano ikaweka masharti ya namna ya kuitumia. Roma iliuchukulia mchoro ule kuwa kitu chenye thamani, kinachostahili kulindwa.

Huku kwetu, kati ya nembo ile na bango lililotundikwa langoni, yuko mtu mwingine ambaye hatumtaji. Karibu kila parokia ya mjini inaye, na siku hizi hata za vijijini. Wengine humwita dizaina, wengine mtu wa grafiki. Wazee wa Halmashauri ya Walei humwita "yule kijana wetu wa kompyuta". Ndiye anayetengeneza bango la jubilei ya paroko, kadi za michango ya ujenzi, vyeti vya Kipaimara, kava la kitabu cha kwaya, kitenge cha WAWATA na fulana za VIWAWA. Katika bajeti za sherehe nilizowahi kuziona, mara nyingi hayumo. Mwenye maturubai yumo. Mpishi yumo, mpiga picha yumo, na mwenye muziki yumo, tena amelipwa nusu kabla hajafunga spika. Mwenye mashine ya kuchapa mabango analipwa kwa mita ya mraba, wala hapunguzi bei kwa sababu ya ubatizo wake. Kijana aliyebuni hicho kinachochapwa anaambiwa: "Hiyo ni sadaka yako, Mungu atakulipa."

Ninaandika kuipinga sentensi hiyo. Kwamba Mungu hulipa, sina shaka. Ninachokataa ni kamati kumpangia mtu sadaka yake, kiasi chake na siku yake ya kuitoa, kisha ikamshukuru kana kwamba ametoa mwenyewe.

Sehemu ya tatizo ni kwamba kazi hii haionekani. Fundi anayejenga uzio wa parokia tunamwona akitoka jasho. Dizaina tunamwona amekaa kwenye kiti, anabonyeza. Nina rafiki tuliyekua naye anayeishi kwa kazi hii, na wakati wa likizo nimekaa kando yake saa nyingi za usiku nikimtazama. Picha ya Askofu inakuja kwa WhatsApp, imepigwa kwa simu ndani ya ukumbi wenye giza, imetumwa na kutumwa tena hadi imechoka. Na inatakiwa ikae kwenye bango la mita tatu bila kupasuka. Anaikata kutoka kwenye mandhari yake ya nyuma, unywele kwa unywele. Anachagua herufi zitakazosomwa na bibi aliye ng'ambo ya barabara. Anapanga rangi akijua kwamba zambarau ya kwenye kioo cha kompyuta siyo zambarau itakayotoka kwenye mashine. Kisha anaituma kazi kwenye kundi la kamati, na hapo ndipo kazi inapoanza. Katibu anataka nembo ya jimbo iongezwe. Mwenyekiti anataka nembo hiyo iwe kubwa zaidi. Mama mmoja anauliza kwa nini nembo ya WAWATA ni ndogo kuliko ya UWAKA. Mhazini anakumbuka namba ya kuchangia. Na mjumbe ambaye kwa kawaida hana neno anaandika saa tano usiku: "Hiyo bluu hapana." Yote haya huitwa marekebisho madogo. Umeme, bando na kompyuta iliyonunuliwa kwa mkopo havitajwi na mtu.

Kitenge ni kigumu zaidi, na hapa niruhusiwe kuchepuka kidogo. Mchoro wa kitenge hujirudia katika kitambaa chote, na fundi cherehani hukata anapokata. Asiyeijua kazi huipanga picha ya somo wa parokia bila kuwaza gauni, na siku ya sherehe uso wa mtakatifu unaangukia mahali pa kukalia. Tumeyaona haya, tumecheka, na baadhi yetu tumeona aibu. Anayeliepusha jambo hilo ni mtu aliyefikiri kwa wakati mmoja juu ya mwili wa mvaaji, mkasi wa fundi na heshima ya picha takatifu.

Mtakatifu Thoma wa Akwino, ambaye sisi wa falsafa tunalala naye na kuamka naye, anaiweka sanaa miongoni mwa fadhila za akili. Kwake sanaa ni akili iliyonyooka kuhusu vitu vinavyotengenezwa. Jacques Maritain aliliendeleza wazo hilo katika kitabu chake kuhusu sanaa na falsafa ya shule, kilichotoka mwaka 1920, akamrudisha msanii mahali alipokuwa zamani, yaani jirani wa seremala na mwashi. Ukilifuata wazo hili hadi mwisho, sanaa haikai kwenye vidole. Inakaa kwenye uamuzi: hili lije hapa, lile liondoke, hili linyamaze ili lile lisikike. Anayesema "ni kubonyeza tu" amehesabu vidole akaacha akili. Hakuna anayemlipa daktari kwa kupima wino alioandikia dawa.

Lakini hata tukikubali kwamba ni kazi, mtu anaweza kusema: kwani mtu hawezi kumpa Mungu kazi yake? Anaweza, na wengi wanataka. Swali ni nani anayeamua. Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika hati yake ya mwaka 1965 kuhusu utume wa walei, Apostolicam Actuositatem namba 8, unafundisha kwamba madai ya haki yatimizwe kwanza, ili kile ambacho mtu anadai kwa haki asipewe kama zawadi ya upendo. Mara nyingi tunalisoma fundisho hilo kwa ajili ya matajiri na maskini. Mimi naona lina upande wa pili: tusimwombe mtu kwa jina la upendo kitu ambacho sisi tunadaiwa naye kwa jina la haki.

"Lakini alikubali mwenyewe." Jibu hili nimelisikia mara nyingi, na lilishajibiwa mwaka 1891. Papa Leo XIII katika Rerum Novarum alikataa hoja kwamba ujira ni wa haki ili mradi mfanyakazi ameukubali. Aliona kwamba mtu mwenye shida hukubali masharti mabaya kwa sababu hana njia nyingine, na kwamba hapo ameonewa hata kama alitikisa kichwa. Sasa mfikirie kijana wa miaka 22 anayeitwa na paroko baada ya Misa, mbele ya mwenyekiti na katibu. Mama yake yumo katika jumuiya ndogo ndogo. Wateja wake wa kadi za harusi ni waamini hao hao. Akikataa, itasemwa kwamba ana majivuno, na Jumamosi itajulikana hadi kigangoni. Huko ndiko kukubali kwake. Wengine humfariji kwamba kazi itamtangaza. Ni kweli inamtangaza, ila kwa kamati nyingine zinazotafuta wa bure.

Sheria za Kanisa nazo zimesema. Kanuni ya 1286 inawataka wasimamizi wa mali za Kanisa wawalipe ujira wa haki na unaofaa wale wanaotoa huduma kwa makubaliano. Labda ndiyo maana makubaliano hayafanywi.

Nimeulizwa na mseminari mwenzangu kuhusu kwaya. Wanakwaya hawalipwi, wanafanya mazoezi jioni tatu kwa wiki, mbona hatuwaonei huruma? Swali zuri, na nimelifikiria. Mwanakwaya ni muuguzi, mwalimu, muuza mitumba. Anakuja kuimba baada ya kuhangaikia riziki yake. Dizaina tunamwomba riziki yenyewe. Mwenye duka anayeimba besi hatumwambii alete gunia la mchele kila sherehe kwa sababu tu ana mchele. Hata akileta, tunatangaza kanisani na watu wanapiga makofi.

Wapo pia watakaosema kwamba mimi ninayekula kwa sadaka za waamini sina mdomo wa kuzungumzia malipo. Nadhani ninao. Neno la Bwana katika Luka sura ya 10 kuhusu mfanyakazi na ujira wake, ambalo Mtume Paulo analirudia kwa Timotheo, ndilo tunalolitumia kuwaeleza waamini kwa nini walitunze Kanisa na watumishi wake. Haiwezekani neno hilo liwe na nguvu kwa wenye kanzu na kuishiwa nguvu kwa mwenye kompyuta. (Makatekista nao wana la kusema hapa, ila hiyo ni makala nyingine.)

Kanisa katika nchi yetu limewahi kulifanya vizuri jambo hili. Mwaka 1972 Sista Jean Pruitt wa Shirika la Maryknoll alianzisha Nyumba ya Sanaa jijini Dar es Salaam, mahali ambapo vijana walichora, wakachonga na kuishi kwa kazi hizo. George Lilanga, ambaye baadaye kazi zake zilioneshwa Ulaya na Marekani, alipitia pale, na inaelezwa kwamba aliingia kwanza kama mlinzi. Hapo msanii alihesabiwa kuwa mfanyakazi, na aliyeliona hilo alikuwa mtawa.

Siku hizi limeingia jibu jipya: tutatumia akili unde, haidai posho. Nimeyaona mabango hayo. Bikira Maria ana vidole sita na rozari yake ina punje ambazo hakuna awezaye kusali na kuzimaliza. Hilo la vidole litarekebishika, programu zinaendelea kukua. Lisilorekebishika kirahisi ni kwamba programu hizo zilifundishwa kwa picha nyingi mno za watu ambao wengi wao hawakuombwa ruhusa. Januari 2023 wachoraji watatu, Sarah Andersen, Kelly McKernan na Karla Ortiz, walifungua kesi nchini Marekani juu ya jambo hilo hilo. Kwa hiyo anayekimbia kumlipa kijana mmoja wa parokia anaweza kuwa anakwenda kuchuma shamba la wengi wasiojulikana. Papa Leo XIV, alipowaeleza Makardinali tarehe 10 Mei 2025 sababu za kuchagua jina lake, aliitaja Rerum Novarum na akaitaja akili unde pamoja. Sidhani alikuwa na mabango ya parokia akilini, lakini yamo.

Najua parokia nyingi ni maskini. Paroko anayedaiwa bati na saruji hawezi kulipa bei ya mjini, na madizaina ninaowafahamu hawadai bei ya mjini. Wanachodai ni kuulizwa. Kamati inapoandika bajeti, mstari wa "mabango" ugawanywe kuwa miwili, kubuni na kuchapa. Makubaliano yaandikwe, hata kwa ujumbe wa simu: ni kazi gani, marekebisho mara ngapi, malipo kiasi gani na lini. Ikiwa kilichopo ni shilingi 20,000, itajwe kabla kazi haijaanza, naye aseme ndiyo au hapana bila jina lake kupelekwa kwenye jumuiya. Akitaka kutoa sadaka, akabidhiwe bahasha yake kwanza kama mpishi alivyokabidhiwa yake. Dominika inayofuata, atakachotia kapuni ni siri yake na Mungu.

Tena kuna suala la jina. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inamtambua mtunzi wa mchoro na haki yake ya kutajwa. Angalia bango lolote langoni mwa kanisa lenu: aliyelichapa hasahau kuweka jina la duka na namba ya simu pembeni, chini. Hapo hapo pana nafasi ya sentimita chache kwa jina la aliyelibuni.