Mgeni Asiyekunywa Pombe Naye ni Mgeni

Desemba inapokaribia, kamati za sherehe hukaa kupanga bajeti, na kifungu cha vinywaji ndicho huzua ubishi mrefu kuliko vyote. Watu watajadili bia za aina ngapi ziagizwe, mvinyo utoke duka gani, na kama shughuli iko Rombo au Marangu, mbege ipikwe na nani. Wakifika kwa wasiokunywa pombe, sentensi moja inatosha: waletewe soda. Kikao kinafungwa. Nasema uamuzi huo wa haraka ni upungufu wa ukarimu, tena ni upungufu wenye madhara, na kinachosikitisha zaidi ni kwamba vinywaji vya kuuondoa vimejaa masokoni mwetu.

Tuwatazame kwanza hao wanaomalizwa kwa sentensi moja. Wamo watoto, wajawazito, madereva, Waislamu, Wasabato na Walokole, wagonjwa walio kwenye dawa, na watu walioamua tu kuacha. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kuwa mwaka 2016 zaidi ya nusu ya watu wa dunia wenye umri wa miaka 15 na kuendelea hawakugusa pombe kabisa. Hao si kikundi cha pembeni cha kuwekewa masalio ya bajeti. Shirika hilohilo, Januari 2023, lilitamka kwamba hakuna kiwango cha pombe kinachoweza kuitwa salama kwa afya, kwa kuwa pombe ni miongoni mwa visababishi vya saratani. Sikusudii kumnyang'anya mtu glasi yake siku ya Krismasi. Nakusudia kusema kwamba mwenye kukataa glasi hiyo ana sababu nzuri, na mwenyeji mwungwana hamwadhibu kwa kumpa kitu kisichofikiriwa.

Na soda haikufikiriwa. Soda nyingi tulizozizoea zina takriban gramu 10 za sukari, au zaidi, katika kila mililita 100. Chupa ya mililita 350 basi ina gramu 35, ambazo ni karibu vijiko tisa vya chai. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2015 unamtaka mtu mzima asizidishe takriban gramu 50 za sukari ya kuongezwa kwa siku, na ikiwezekana aishie 25. Chupa moja imekwisha kupita kiwango hicho cha pili, na katika sherehe hakuna mtoto anayeishia chupa moja. Tukumbuke pia kwamba makadirio ya Shirikisho la Kimataifa la Kisukari ya mwaka 2021 yaliiweka Tanzania karibu na mtu mzima mmoja mwenye kisukari katika kila kumi. Ukiwa na wageni mia moja watu wazima, huenda kumi miongoni mwao wanaumizwa na kile unachowakaribisha nacho, na baadhi yao hawajui hata kuwa wanaumwa.

Hapa msomaji ataniwahi: basi tupike juisi. Naam, lakini polepole. Juisi yetu ya shughuli mara nyingi ni soda isiyo na mapovu. Ndoo ya lita kumi ikitiwa kilo moja ya sukari, jambo ambalo hakuna mpishi wa shughuli atakayelishangaa, inakuwa na gramu 10 kwa kila mililita 100, sawasawa na soda, kabla hatujahesabu sukari ya tunda lenyewe. Nayo sukari ya tunda lililokamuliwa na kuchujwa inahesabiwa katika mwongozo ule nilioutaja, kwa kuwa nyuzinyuzi zimebaki kwenye chujio. Ndoo hiyohiyo ikitiwa robo kilo, bilauri ya mililita 300 inapata chini ya vijiko viwili vya sukari iliyoongezwa. Tofauti yote iko kwenye mkono wa anayemimina.

Kwa hiyo vinywaji vya kutafuta ni vile ambavyo ladha yake haitegemei utamu: vyenye ukali, uchachu, harufu. Choya, ambayo wengine huiita rozela, huchemshwa kwa maji na tangawizi na mdalasini, ikatoa rangi nyekundu inayopendeza mezani kuliko mvinyo wowote. Mwaka 2010 watafiti wa Marekani walichapisha jaribio la watu 65 wenye shinikizo la damu la kupanda kidogo. Waliokunywa vikombe vitatu vya choya kila siku kwa wiki sita, kipimo chao cha juu kilishuka kwa wastani wa alama saba, dhidi ya moja na kidogo kwa wenzao waliopewa kinywaji cha kulinganishia. Si dawa, na mgonjwa asiache vidonge vyake kwa ajili yake, lakini ni sifa ambayo soda haina. Ukwaju huhitaji kulowekwa, kufikichwa na kuchujwa, kisha hiliki. Ubuyu uwe ule unga mweupe, si zile mbegu zilizopakwa rangi nyekundu na sukari ambazo ni peremende tu. Nao ulowekwe katika maji ya vuguvugu badala ya kuchemshwa, maana moto mkali huharibu vitamini C. Maganda ya nanasi yaliyooshwa vizuri na kuchemshwa pamoja na tangawizi hutoa kinywaji kitamu, na aghalabu maganda hayo yangetupwa.

Sitaisahau togwa, ambayo watu wa Ruvuma na Iringa hawahitaji kufundishwa. Uji wa mahindi ukipoa hutiwa kimea cha ulezi, nacho kimea huuvunja wanga ukawa mwepesi na mtamu bila kijiko cha sukari. Ukilala usiku mmoja huchachuka. Uchachu huo una kazi: katika miaka ya 1990 watafiti nchini Tanzania waliona kuwa uji uliochachuliwa hivyo ulipunguza vijidudu vya kuharisha kwa watoto wadogo walioulishwa. Sharti moja tu, inywewe mapema. Togwa ikikaa siku kadhaa huanza kuwa pombe, na hapo mwenyeji atakuwa amemdanganya mgeni wake.

Wapo wanaopinga kwa hoja ya usalama, na hoja yao ni nzito. Soda imefungwa kiwandani. Jagi la ukwaju huenda limechanganywa na maji ya kisima, na barafu yake imetoka pasipojulikana. Palipo na kipindupindu huo si utani. Jibu ni maji yaliyochemshwa, na barafu iliyogandishwa kutokana na maji hayohayo. Pasipo uhakika wa hayo mawili, heri madafu yanayofunguliwa mbele ya mgeni, ambayo sukari yake haifiki nusu ya ile ya soda. Hoja ya kwamba sikukuu ni siku moja haina uzito huo. Kutoka Krismasi hadi Mwaka Mpya, pamoja na ubarikio, kipaimara na harusi za katikati, familia nyingi husherehekea wiki nzima.

Pingamizi ninaloliheshimu zaidi ni la wanawake wa jikoni, ambao wanajua kwamba kila wazo zuri la kamati huishia kuwa kazi yao. Kreti la soda halihitaji mtu wa kulimenya. Lakini choya huchemshwa jioni ya kuamkia sikukuu, maganda ya nanasi vilevile, na asubuhi hubaki kutia barafu tu. Nao wanaume wa kamati, ambao juu ya vinywaji kazi yao kubwa huwa ni kumpigia simu wakala, wana mikono ya kutosha kufikicha ukwaju na kuuchuja. Wapangiwe zamu kwenye kikao kilekile cha bajeti, majina yaandikwe, na jagi moja lisilotiwa sukari kabisa liwekwe kwenye kila meza, anayetaka utamu aongeze mwenyewe.